Kuku wa Mguu Wangu

Kama unasoma haya ukiwa chali, mguu umefungwa kamba au umezibwa ndani ya hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, nimeandika kwa ajili yako. Sitakueleza mfupa unavyounga. Wapo wenye kazi hiyo, na siku wakipata muda watakueleza. Mimi nitakueleza habari za kulala, maana nimelala kupita kiasi. Nilianza kulala mikorosho ya baba ikitoa maua, korosho zikaokotwa nimelala, mvua zikaja nimelala, watu wakapanda mihogo na kuipalilia huku mimi naangalia dari.

Na nikwambie mapema kwamba nilikuwa mgonjwa mbaya. Usimwamini mtu anayejisifu kwamba aliugua kwa subira. Nilinuna, nilirusha vikombe, nilimchukia kuku. Habari za kuku zinakuja.

Naitwa Mfaume, na kwetu ni Likombe, hapa Mtwara. Kabla ya kulala nilikuwa najifunza kurusha helikopta. Kampuni moja ilitafuta vijana wa kusini wa kufundishwa, ili baadaye wawe wanapeleka mafundi kwenye visima vya gesi, nami nikapita kwenye usaili. Mama alijivuna mbele ya majirani, akaenda kulia nyuma ya nyumba. Baba alisema tu kwamba mkorosho haujawahi kumwangusha mtu kutoka juu kiasi hicho.

Mwalimu wangu alikuwa Kapteni Yohana, mtu wa Dodoma, mpole, aliyependa kutafuna karanga kabla ya kuruka. Jambo la kwanza alilonifundisha halikuwa kuruka. Helikopta ya mazoezi ina usukani wa mwalimu na usukani wa mwanafunzi, na hatari kubwa ni kila mmoja kudhani mwenzake ndiye aliyeshika. Kwa hiyo anayepokea husema, "Ninayo." Anayeachia hujibu, "Unayo." Hakuna kuondoa mkono kabla maneno hayo hayajasemwa. Tuliyasema mara nyingi mpaka nikawa nayasema nyumbani nikipokea sahani ya ugali, na mama akawa ananicheka.

Asubuhi ya ajali tulikuwa kwenye zoezi la kushuka bila injini, upande wa kusini kabisa, Ruvuma inapoingia baharini. Mwalimu hupunguza injini makusudi, mwanafunzi anaishusha helikopta kwa upepo unaozungusha mapanga peke yake, halafu mkikaribia chini injini inarudishwa na mnapanda tena. Tulikuwa tumeshafanya hivyo mara kadhaa. Safari hiyo injini haikurudi. Kwa nini haikurudi, waliochunguza wamechunguza, na haitakusaidia wewe uliyelala. Chini yetu ilikuwa mikoko. Kapteni alisema, "Ninayo." Nikajibu, "Unayo," nikaondoa mikono. Hakusema neno lingine tena.

Maji yalikuwa yamekupwa, tukaangukia matopeni katikati ya mizizi. Nilipozinduka palikuwa kimya, na kimya kile kilinitisha kuliko kelele za kuanguka. Mguu wa kushoto ulikuwa umebanwa chini ya ubao wa mitambo na sikuuona. Mkanda ulinikaza kifuani. Kapteni alikuwa ameniegemea begani, nikamwita, nikamwita tena, kisha nikaacha kumwita kwa sababu nilishajua. Halafu maji yakaanza kujaa. Yalikuja taratibu, yakiwa na vijiti na povu, yakafika magotini, kiunoni, kifuani, na mimi sikuwa na pa kwenda. Nililia kwa sauti kama mtoto anayechapwa.

Kilio ndicho kilichoniokoa. Wanawake waliokuwa wakiokota tondo, wale konokono wa matopeni, kwenye mikoko walinisikia. Kwanza walisimama mbali wakiogopa chombo kisilipuke. Mmoja akakaza kanga yake kiunoni, akaingia majini, na wengine wakamfuata. Walichimba matope kwa mikono na kwa vibakuli vyao vya tondo, wakakata mkanda kwa kisu, wakanivuta kwapani. Mguu ulikuja mwisho. Jina la yule aliyetangulia nimelijua baadaye, na kwa kuwa hapendi kutajwatajwa, sitalitaja.

Hospitalini walipitisha chuma chini ya goti langu, wakafunga kamba, kamba ikapita kwenye gurudumu dogo ukingoni mwa kitanda, na mwisho wake wakaning'iniza uzito. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika na vipande vimepandana, kwa hiyo ilibidi uvutwe taratibu mpaka ukae sawa. Kazi yangu ilikuwa moja: kutosogea.

Juu ya kitanda hicho, sawasawa na uso wangu, palikuwa na pangaboi. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kulifikiria. Likiwashwa nilikuwa naona mapanga yanazunguka juu yangu, jasho linanitoka, nashika vyuma vya kitanda kwa mikono miwili. Likizimwa nilipumua. Mama alimwomba nesi alizime, nesi akalizima, na wodi nzima ya wanaume waliofungwa bandeji kwenye joto la Mtwara ikaanza kuguna. Nilifunika uso kwa shuka. Hakuna aibu kama ya kuonewa huruma na watu unaowatesa.

Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na Mzee Joakimu, mkulima wa vijiji vya jirani na Kilambo. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji yeye akiwa mgongoni. Alikuwa ameanguka kutoka mnazini na kuvunjika nyonga.

"Wewe umeanguka na ndege, mimi nimeanguka na madafu," aliniambia. "Ila tumeangukia palepale."

Kisha akawatangazia wenzetu kwamba pangaboi letu limekuwa likimpa mafua, lisiwashwe tena, na anayetaka upepo ageuzie uso upande wa dirisha. Mzee hakuwa na mafua yoyote. Wiki zote zile alijipepea kwa kipande cha boksi la dawa, na hakuniuliza hata mara moja ni kwa nini naogopa. Namkumbuka kila nikisikia joto.

Baba ndiye aliyekuwa akiniosha. Ulikuwa msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, naye aliacha shamba mikononi mwa majirani, akawa anakwenda mara mojamoja na kurudi wodini na harufu ya salfa kwenye shati. Tangu nilipotoka jandoni baba hakuwa ameniona bila nguo. Sasa alininyanyua, alinisafisha, alinishikia beseni, macho yake yakiwa ukutani. Tulikuwa hatuzungumzi. Shida ikawa kunigeuza: mimi nilijishika kwenye chuma cha kitanda, yeye akanishika bega, nikaachia mapema kabla hajawa tayari, uzito ukaja kwenye paja, nikapiga kelele mpaka nesi akaja mbio. Basi nikamfundisha baba maneno ya Kapteni. Akishanipata vizuri anasema, "Ninayo," nami nasema, "Unayo," ndipo naachia. Aliyapokea kwa uzito mkubwa, kama mtu aliyeajiriwa serikalini. Kuanzia siku ile hakuniumiza tena.

Kuhusu kungoja picha ya eksirei, nikupe tahadhari. Ukiwa kwenye kitanda cha magurudumu kule koridoni, foleni haikuhesabu kama mtu. Watu wanaegemea kitanda chako, wanazungumza mambo yao ya ndani juu ya kifua chako. Kuna mama aliweka kikapu chake cha samaki kwenye mguu wangu mzima, akaniomba nimwangalizie wakati anaingia kwa daktari. Nilimwangalizia. Hata hivyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu ajali, na siku hiyo nilirudi wodini na moyo mwepesi kidogo.

Korosho zilipoanza kudondoka, kamba ilitolewa nikafungwa hogo. Usifikirie hogo la mkono ambalo wenzako wanaandika majina yao. Langu lilianzia mbavuni, likashuka mguu wa kushoto mpaka vidoleni na wa kulia mpaka gotini, na katikati ya miguu walifunga kijiti ili isikutane. Nilirudishwa Likombe nyuma ya pikapu. Mlango wa chumba ulikuwa mwembamba kuliko mimi, ikabidi waniinamishe ubavu kama kabati, jirani mmoja akitoa maelekezo, "Zungusha kichwa, zungusha kichwa." Nilicheka na watu, nikalia walipotoka.

Hapo ndipo nilipokujua kufungwa. Kwenye mikoko nilifungwa asubuhi moja, na maji yalikuwa na haraka. Hogo halina haraka. Ngozi inawasha mahali ambapo mkono haufiki, unachomeka chelewa kutoka kwenye ufagio wa mama, nayo haifiki. Siku moja chai ilinimwagikia kifuani ikaingia ndani. Kesho yake sisimizi wakaja kuifuata. Waliingia kwa mstari pale kwenye mbavu, na nilihisi kila mmoja akishuka tumboni, kwenye nyonga, kwenye paja lenyewe, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuwatoa. Nilipiga hogo kwa ngumi mpaka vidole vikachubuka. Mama alikaa pembeni ya kitanda, akanishika mikono yote miwili, akaishikilia mpaka wakatoka wenyewe. Alikuwa ananisomea majina ya watu wote wa ukoo wetu, kwa sababu hakujua aseme nini kingine.

Nadhani ni sisimizi hao waliomfanya mama amtume mtu kwa fundi wa mifupa. Siku ya kuruhusiwa, Mzee Joakimu alikuwa amemwambia kuhusu Mzee Chande, anayeunga mifupa ng'ambo ya Ruvuma, na kwamba akiitwa huvuka mto kwa kivuko cha Kilambo akaja. Kweli akaja, siku ambayo baba alikuwa shambani. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, na mfuko wa matete. Alilizunguka hogo, akaligonga kwa kidole kama anayebisha hodi, akasikiliza.

"Mmenjengea ukuta," alimwambia mama. "Sasa ntu huyu mimi nitampitia wapi?"

Mama aliuliza kama ukuta huo unaweza kupasuliwa. Mzee Chande alikataa. Alisema asiyeujenga asiubomoe, wenyewe wa hospitali wataubomoa siku yao. Yeye atamtibu kuku, na dawa itanifikia mimi. Ni desturi yao mafundi wa mifupa: kuku anavunjwa mguu uleule uliovunjika kwa mgonjwa, anafungwa, anatibiwa, na mgonjwa anamfuata. Mama akaleta mtetea wa madoadoa, mchanga, ambaye alikuwa bado hajaanza kutaga. Niliwaomba wakafanyie nje. Mzee Chande akasema lazima nione. Sikutazama, ila nilisikia mlio wa mfupa, na mlio ule nilikuwa naufahamu.

Alimfunga mguu kwa vijiti vya matete na kipande cha kaniki nyeusi. Kisha akaacha sharti moja. Kuku yule asichinjwe, asiuzwe, asipewe mtu, mpaka nitakapopita mlango wa chumba kile kwa miguu yangu.

Baba aliporudi nyumba iliwaka moto. Baba ni mtu wa msikitini, akasema huo ni ushirikina na hatauruhusu chini ya paa lake. Mama akajibu kwamba hospitali ilipomning'iniza mwanawe kwa kamba kama mbuzi hakuuliza ni dini gani. Baada ya hapo hawakusemezana. Chumba changu kikawa posta. "Mwambie baba yako chai ipo." "Mwambie mama yako nimeiona." Na baba amekaa hapohapo miguuni pangu, mama amesimama mlangoni. Mgonjwa mwingine angetoka akawaacha. Mimi nilikuwa nimejengewa ukuta.

Dirisha langu liliangalia uani kwenye jiko, kwa hiyo nilimwona kuku asubuhi mpaka jioni. Alijikokota, aliangukia ubavu, akajikokota tena. Nilimwona baba pia, akidhani nimesinzia, akimmwagia kuku pumba pembeni ili wengine wasimnyang'anye, akichutama kumkazia kaniki iliyolegea. Sikumwambia mama. Kuku akazoea watu kiasi kwamba mtu akimwinamia hakukimbia, alisogea.

Akapona. Kabla mvua hazijakolea alikuwa anatembea, anachechemea kidogo, kaniki yake ikiwa bado mguuni, na siku moja aliingia chumbani kwangu akapita mlangoni kwa madaha, akanitazama kwa jicho moja. Nikamrushia kikombe. Nilimkosa, na kikombe kilivunjika.

Mvua zilipokuwa zimeshika, hogo lilikatwa kwa msumeno wa umeme, nikiwa nimefumba macho kwa sababu ya sauti yake. Nilipofumbua nilidhani wamenipa mguu wa mtu mwingine. Ulikuwa mwembamba, mweupeweupe, una nywele nyingi, na ngozi inabanduka kama ya muhogo uliolowekwa. Goti halikukunja. Nilipewa magongo na kuambiwa nianze kuukanyagia taratibu.

Sikuweza. Nieleze vizuri, kwa sababu labda na wewe litakupata na watakuita mvivu. Maumivu niliyaweza. Ila kila unyayo wa kushoto ulipogusa sakafu, sakafu ilizama. Ilikuwa saruji, mama aliipiga deki mwenyewe, lakini mimi niliisikia ikiwa matope, na kifua kikaanza kujaa maji. Nilirudi kitandani. Kesho yake hivyohivyo, na wiki iliyofuata hivyohivyo. Niliwaambia mguu unauma, maana hilo lilieleweka.

Daktari alitazama picha akasema mfupa umeunga vizuri, ila mguu usiofanya kazi unakufa polepole. Kama mpaka kliniki ijayo nitakuwa sijaukanyagia, itabidi nipelekwe Dar es Salaam nikapasuliwe, na hakuahidi nini kitarudi. Hakusema kukata. Hakusema kutokata pia. Kwenye gari baba alinishika mkono njia nzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Usiku huohuo mama alikaa kitandani kwangu akaniuliza kwa upole kabisa, "Kuku amemaliza kazi yake, mwanangu. Wewe unangoja nini?"

Nikwambie ukweli, kufikia hapo nusu yangu ilikuwa inamwamini yule kuku. Nilimtazama kila asubuhi kuhakikisha yupo.

Siku chache kabla ya kliniki tukapata habari kwamba mke wa Kapteni Yohana anakuja kunijulia hali. Tangu mazishi, ambayo sikuyahudhuria, nilikuwa namwogopa mwanamke yule bila kumjua. Nilijua atauliza. Baba alikwenda kumpokea stendi, mama akakimbilia sokoni kutafuta nazi na mchele mzuri. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa ameingia asubuhi hiyo kutoka Msimbati kuja kusaidia jiko. Alikuwa hajafika kwetu tangu kabla ya ajali, na katika kuhangaika kote hakuna aliyekumbuka kumwambia lolote. Mgeni wa namna ile hapewi dagaa. Shangazi alitoka uani kukamata kuku.

Mimi nilikuwa naogeshwa na jirani, dirisha limefungwa. Sikuona.

Mama Neema, hivyo ndivyo alivyoitwa kwa jina la binti yao, alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa gauni la buluu, na alinipa pole yeye kabla sijampa mimi. Tulimtandikia mkeka chumbani kwangu kwa kuwa mimi nilikuwa sitoki. Baba akakaa naye. Mgeni alimtania baba kidogo kuhusu joto letu, akanywa maji, akaweka glasi chini.

"Sijaja kukusumbua," alisema. "Nataka kujua tu kama alisema kitu."

Kwa miezi yote nilikuwa nimefikiria nimtungie neno: kwamba aliomba dua yao, kwamba alimtaja mtoto. Nilimtazama usoni nikashindwa kudanganya. Nikamwambia alisema neno moja tu, neno la kazi, la kupokea usukani. Ninayo. Na kwamba nilimjibu.

Aliinamisha uso. Nikafikiri nimemuumiza, nikaanza kuomba radhi, akanizuia kwa mkono.

"Hata nyumbani alikuwa anasema hivyo," alisema. "Neema akilia, mimi nimechoka, anakuja anampokea mikononi mwangu. Anasema, ninayo. Hamwachilii mpaka nimjibu. Nilikuwa namwambia mtoto si ndege."

Akacheka, machozi yakimtoka. Nami nililia bila kujificha, na baba akatazama ukuta kama zamani za beseni.

Chakula kikaletwa. Wali wa nazi, mchuzi wa kuku, firigisi kwenye sahani ya mgeni, na paja nimewekewa mimi. Tulinawa. Mgeni alikuwa ameshaanza kula aliposimama shangazi mlangoni, mikono imekunjwa ndani ya kanga, akamwita baba kwa Kimakonde ili mgeni asielewe.

"Kaka, yule kuku mwenye kitambaa cheusi alikuwa wa nini?"

"Kwa nini unasema alikuwa?" baba aliuliza.

Shangazi aliangalia bakuli. "Wengine walinikimbia," alisema. "Yeye alisogea."

Mkono wa baba ulibaki na tonge hewani. Na wakati huohuo, kutoka uani, nikamsikia mama. Alikuwa amekwenda kumwaga maganda ya nazi nyuma ya jiko, akakuta manyoya ya madoadoa, na juu yake ile kaniki. Mama yangu halii kwa kelele. Ni sauti ndogo, ya ndani, kama ya mtu anayejizuia kukohoa. Niliisikia siku waliponitoa kwenye gari la wagonjwa na sikupenda kuisikia tena.

Mama Neema aliacha kula. "Mama analia kwa ajili yangu?" aliuliza. "Mwambieni asilie, nimekuja kwa wema."

Hapo tulikuwa tumenaswa wote. Huwezi kumwambia mjane aliyesafiri siku nzima kwamba ametafuna mguu wa mgonjwa aliyekuja kumjulia hali. Baba hawezi kusimama akamwacha mgeni mkekani. Shangazi hathubutu kurudi uani. Na mama alikuwa peke yake kule nyuma akiamini kabisa kwamba nimekwisha, kwamba mguu umechinjwa, na kila dakika iliyopita aliamini zaidi. Mimi nilijua ninachotakiwa kumwambia, kwamba mguu wangu bado upo. Ila mama akiwa analia haji ukimwita.

"Analia kwa ajili yangu," nilimwambia mgeni. "Naomba uniwie radhi kidogo."

Nikachukua magongo. Baba aliona, akaruka na mkono wenye mchuzi, akanishika kwapani. Niliweka unyayo wa kulia, kisha wa kushoto. Sakafu ikazama kama kawaida yake. Matope yakaja, kifua kikajaa, nikasikia bega la Kapteni kwenye bega langu. Nilisimama palepale. Mama alikuwa bado analia. Nikajisemea, basi na izame, nitakwenda nayo hivyohivyo.

Tulikwenda hatua moja, halafu nyingine. Jasho lilikuwa linanichuruzika puani. Tulipofika mlangoni tukakwama, kwa sababu mlango ule ni mwembamba, haupitishi watu wawili na magongo mawili kwa pamoja. Mmoja alipaswa kubaki. Baba alikuwa amenikamata kwa nguvu zake zote, nasikia moyo wake mgongoni mwangu.

"Ninayo," nilisema.

Hakujibu. Nilingoja. Kapteni alinifundisha hakuna kuondoa mkono kabla ya jibu, na mimi nilikuwa nimemfundisha baba hivyohivyo, kwa hiyo aliendelea kunishika, na mimi niliendelea kungoja.

"Unayo," alisema baba, sauti imekatika, akaniachia.

Nikapita mlango. Nikapita ukumbi mdogo, nikishika ukuta mahali gongo lilipoteleza, nikashuka kile kingazi kimoja cha uani ambacho nilikuwa nimekiangalia dirishani miezi na miezi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na uwanja ulikuwa tope kweli. Niliukanyaga. Ulizama kidogo, kama tope linavyozama, ukaishia hapo.

Mama alikuwa amechutama karibu na jiko, kaniki ameishika kiganjani. Aliona kwanza ncha za magongo, kisha miguu yangu, na aliiangalia miguu kwa muda mrefu sana kabla ya kupandisha macho. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Akasimama, akaitupa ile kaniki kwenye moto.

"Rudi ndani, mwanangu," alisema. "Kuku wako anapoa."